Mali Bila Daftari
Hotuba juu ya maandikisho ya ardhi na wakati ujao, iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya ya Waislamu, Ruziba, Bujumbura

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Nimetakiwa na halmashauri ya Jumuiya niseme maneno machache juu ya jambo ambalo halizungumzwi sana misikitini, walakini ndilo liwapelekalo watu wetu barazani na mahakamani kuliko mambo mengine mengi. Nalo ni ardhi, na hati ya ardhi, na daftari ambamo hati hiyo huandikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hii katika biashara za dukani. Leo naomba tuitazame kwa upande wa viwanja tunavyokaa, mashamba tuliyorithi, na misikiti tunamosalia.

Neno langu ni moja, na nalitaja mapema ili msikilizaji alipime kadiri tunavyoendelea. Daftari la ardhi, liwe la karatasi au la kompyuta, haliumbi haki. Hupokea ushahidi ulioletwa mbele yake siku ya kuandikwa, likaufunga, na baada ya hapo kuufungua ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo wakati wa kutengeneza mambo yetu ni kabla ya daftari kufungwa; na hapa Burundi wakati huo ndio huu tulio nao.

Hapa kwetu Ruziba jambo hili si la kuhadithiwa. Mji wa Bujumbura wakua kuelekea kusini, ukifuata barabara ya Rumonge kandokando ya Ziwa Tanganyika, na mahali palipokuwa mashamba pamekuwa viwanja, au kama tulivyozoea kusema, parseli. Shamba walilorithi ndugu wanne hukatwa vipande, na kipande huuzwa kwa mtu aliyetoka mbali, asiyejulikana na majirani, wala yeye hajui mpaka wa zamani ulipita wapi. Mnunuzi hupewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye majina ya mashahidi watatu au wanne. Akiisha kujenga, huenda akatokea mtu wa pili mwenye karatasi mfano wa ile, ya kiwanja kile kile. Na pengine wa tatu, dada yake muuzaji, asemaye kwamba hakuulizwa. Yamkini wote watatu wasema kweli. Aliyetoa fedha alizitoa, na dada naye ana haki yake. Kilichokosekana ni mahali pamoja ambapo mambo haya yote yangeonekana kabla fedha hazijapokelewa.

Zamani mahali hapo palikuwapo, napo palikuwa vinywani mwa watu. Itongo la ukoo lilijulikana kwa miti ya mipaka, na kwa Abashingantahe, wazee waadilifu wa kila mlima, ambao mbele yao ardhi iligawanywa au kutolewa, na kesi ilipozuka waliitwa wakasema waliyoyaona. Utaratibu huu si wa kudharauliwa. Haukuhitaji safari ya mjini wala ada ya mpimaji, na mwongo aliogopa uso wa jirani yake. Lakini ulikuwa na sharti moja kubwa, kwamba shahidi awe hai na abaki pale pale. Shahidi akifa, au akihama, au akikimbia vita, daftari limekwenda naye.

Na sisi Waislamu hatuwezi kusema kwamba maandishi ni jambo la kigeni kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, yahusu kuandika madeni, mwandishi kuwa mwadilifu, na mashahidi kutokataa wanapoitwa. Sayyidna Umar alipopata ardhi ya Khaybar na kutaka kuitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, alimwendea Mtume kumwuliza, na wakfu wake ukawekewa masharti yaliyo wazi: nani atakula katika mazao yake, na kwamba ardhi yenyewe haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Tena twajua onyo lililokuja katika hadithi kwa mtu anyang'anyaye hata shibiri moja ya ardhi ya mwenziwe. Dini iliyohesabu shibiri haiwezi kuridhika na mipaka isiyojulikana.

Sasa tutazame daftari la Serikali lilivyoanza, maana asiyejua lilikotoka hawezi kujua liendako.

Mwaka wa 1858 ni mwaka wa kukumbukwa katika mambo haya. Katika mwaka huo mmoja, Dola ya Uthmaniya ilitoa Sheria yake ya Ardhi, na huko Australia ya Kusini ikapitishwa sheria iliyoongozwa na Robert Torrens. Kabla ya Torrens, mtu katika nchi zile alithibitisha milki yake kwa mlolongo wa hati za kale, moja nyuma ya nyingine, na kiungo kimoja kikikatika mlolongo wote ulilegea. Torrens alitaka daftari la Serikali lenyewe liwe ndilo ushahidi, na aliyeandikwa humo awe ndiye mwenyewe, pasipo kurudi nyuma. Utaratibu wa namna hiyo uliingizwa Kongo katika zama za Mfalme Leopold, na Wabelgiji wakaja nao Ruanda-Urundi. Katika ukoloni hati hizo zilikuwa kwa sehemu kubwa za Wazungu, makampuni na misheni. Itongo la mwananchi liliachwa katika mila. Basi tangu mwanzo nchi ilikuwa na ushahidi wa namna mbili, mmoja wa karatasi na mmoja wa kinywa, na mwenye karatasi alikuwa na nguvu zaidi mbele ya hakimu.

Ama katika Dola ya Uthmaniya, yaliyotokea ni funzo kubwa kwetu. Katika nchi za Sham na Iraq wanavijiji wengi waliogopa kwamba kuandikwa daftarini ni kuitwa jeshini na kutozwa kodi. Wengine wakaiacha ardhi yao iandikwe kwa jina la mkuu wa kabila au tajiri wa mjini, wakidhani kwamba karatasi ni karatasi na shamba ni shamba. Kwa muda walikuwa sawa; waliendelea kulima kama jana. Lakini wajukuu wao walikuta kwamba wao ni wapangaji tu katika ardhi iliyolimwa na babu zao, na aliyeandikwa aweza kuiuza asiwaulize. Watu hawa hawakunyang'anywa kwa upanga. Walikosa kufika mbele ya mwandishi siku ile.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika pwani ya Kenya, kwenye ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza walitoa mwaka wa 1908 sheria ya hati za ardhi. Kila aliyedai ardhi alitakiwa apeleke madai yake mbele ya msajili, yapokelewe au yakataliwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Serikali. Waliokuwa na hati za kadhi na watu wa kuwasemea walipeleka madai. Wengi wa Mijikenda, na wengine waliolima pasipo maandishi, ama hawakupata habari, ama hawakuwa na njia. Zaidi ya miaka 100 imepita, na hata leo katika sehemu za Malindi, Kilifi na Kwale wako watu waitwao maskwota juu ya ardhi walimozikwa wazee wao. Sheria ile imekwisha kuondolewa, na serikali kadhaa zimepita, lakini kilichofungwa daftarini mwanzoni mwa karne iliyopita hakijafunguka chote.

Turudi nyumbani. Katika maafa ya mwaka wa 1972 watu wengi sana waliuawa katika nchi yetu, na makumi kwa makumi ya maelfu walikimbia, wakakaa Tanzania katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko nyuma, na khasa katika tambarare ya Rumonge na Nyanza-Lac, ardhi yao ilichukuliwa na wengine. Na baadhi yake iliingizwa katika mipango ya Serikali ya mashamba ya michikichi, ikagawiwa watu wapya. Wengi wa wale wapya waliingia kwa ruhusa, wakajenga, wakazaa. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1986 ilimpa aliyekaa juu ya ardhi miaka 30 nafasi ya kuidai kuwa yake, na miaka 15 ikiwa aliingia kwa nia njema. Na kutoka 1972 hata 2002 ni miaka 30.

Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliahidi kwamba mkimbizi arudipo arejeshewe mali yake, na isipowezekana apate fidia ya haki. Mwaka wa 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, ijulikanayo kwa herufi CNTB, ikafanya kazi mpaka muda wake ulipokwisha mwaka wa 2022. Na mwaka wa 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya kuangalia rufani za kesi hizo. Katika miaka ya kwanza Tume ilipendelea kugawanya: aliyerudi na aliyekuwapo wakae pamoja. Baadaye ikafuata njia ya kumrudishia mwenye asili yote. Kila njia iliacha watu wenye machozi. Sikuja kuhukumu kati yao, maana humu ndani yamkini wamo watu wa pande zote mbili, na wote ni ndugu zetu. Nataka tuone jambo moja tu: kwamba Tume ile ilitumia miaka mingi kutafuta neno ambalo daftari jema lingelijibu kwa siku moja, yaani nani alikuwa hapa, mpaka wake wapi, na aliondoka vipi. Tena daftari ambalo lingeandikwa mwaka wa 1980 lingemwandika aliyekuwapo mwaka wa 1980, na kumfuta asiyekuwapo. Kwa hiyo wanaosema kwamba maandikisho peke yake huleta amani hawajasema yote. Maandikisho yakifanywa pasipo kumkumbuka asiyekuwapo, huifunga dhuluma kwa muhuri.

Sheria mpya ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 ilijaribu kuziunganisha zile shahidi mbili, ya kinywa na ya karatasi. Iliruhusu komini ziwe na ofisi zao za ardhi, ambazo hutoa cheti cha ardhi kwa mwananchi asiyeweza gharama za hati kamili itolewayo na Mhifadhi wa Hati za Ardhi. Mwenye ardhi huleta ombi, ombi hutangazwa, kamati ya mlimani huja shambani, wakasimama pamoja na majirani, wakatembea mpakani, mwenye pingamizi husema, na baada ya hayo cheti huandikwa. Huu ni utaratibu mzuri kwa asili yake, kwani wampeleka mwandishi kwa shahidi badala ya kumvuta shahidi kwa mwandishi. Lakini nguvu yake yote imo katika ile siku ya kutembea mpakani. Jirani asipofika, au dada asipojua kwamba ombi limetangazwa, au mzee akinyamaza kwa haya, cheti kitatoka kikiwa kimetimia sheria, huku kweli imeachwa nje.

Na sasa twaingia katika wakati wa kompyuta. Jirani zetu wa Rwanda, kati ya mwaka wa 2009 na 2013, waliandikisha mapande ya ardhi zaidi ya milioni 10 katika nchi nzima, wakitumia picha zilizopigwa kutoka angani, ambazo majirani walizichora mistari wenyewe wakiwa shambani. Tangu mwaka wa 2023 hati zao hutolewa kwa njia ya mtandao. Kenya ilizindua mwezi wa Aprili 2021 daftari lake la mtandao liitwalo Ardhisasa, likianzia Nairobi. Hata sisi hatutakaa nje ya jambo hili. Leo au kesho daftari la Burundi nalo litakuwa ndani ya mashine, na mtoto wetu ataweza kulitazama akiwa mbali.

Faida zake ni kubwa, wala si haki kuzikana. Mashine yaweza kukataa kiwanja kimoja kuandikwa kwa watu wawili, jambo ambalo karatasi haliwezi. Nakala yaweza kuwekwa mahali pawili au patatu. Na sisi watu wa Bujumbura, tulioona soko kuu likiungua Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, twajua moto uwezavyo kufanya kwa asubuhi moja. Walakini mashine haina macho ya kwenda shambani. Ukiipa uongo, huuhifadhi kwa uaminifu ule ule iuhifadhio ukweli. Na ulio mkubwa zaidi ni huu: daftari huzeeka. Rwanda waliandika nchi yote kwa miaka michache, walakini taabu iliyobaki ni kwamba watu huuza, hurithi na kugawana, kisha hawaendi kuandikisha mabadiliko, ama kwa gharama, ama kwa kuona si lazima. Baada ya muda kilichomo daftarini ni jina la marehemu. Basi wakati ujao wa daftari hautegemei mashine pekee, bali wategemea mazoea ya kila nyumba.

Ndugu zangu, nimesema juu ya serikali na majirani. Sasa niruhusuni niseme juu yetu, na maneno mengine yatakuwa machungu kidogo.

Kwanza, mirathi. Nyumba nyingi za Waislamu katika mitaa yetu bado zina jina la babu aliyekufa miaka 20 au 30 iliyopita. Hatukugawana kwa sababu tuliona haya, au tulitaka mama akae kwa raha, au ndugu mmoja alikuwa safarini. Kila mwaka upitao, warithi huongezeka na mashahidi hupungua. Aliyekuwa na hisa moja akifa, hisa yake huenda kwa watoto saba. Wakati wa kuandikisha utakapofika, mmoja aliye karibu na mwenye kisomo ataandikwa, na wengine wataambiwa kwamba ni mambo ya utaratibu tu. Mumewasikia wale wanavijiji wa Sham. Tugawane sasa, iandikwe, washuhudie wazee na nyumbakumi, na nakala ipelekwe katika komini.

Pili, mabinti. Mpaka sasa Burundi haina sheria ya urithi iliyotungwa na Bunge, na mahakama hutazama sana mila; na kwa mila binti hapewi itongo kama mwana wa kiume. Lakini fungu la binti limo katika Qur'ani kwa hesabu, katika Sura ya An-Nisaa, na hakuna mwanachuoni aliyelifuta. Wako kati yetu watu wasalio sala tano, wafungao Ramadhani, kisha ifikapo siku ya kugawa shamba husema: hapa twafuata mila. Mtu hawezi kuwa Mwislamu katika ibada na asiwe Mwislamu mbele ya kamati ya mlimani. Ikiwa sheria ya nchi haijamwandika dada yako, hakuna sheria ikukatazayo wewe kumwandika.

Tatu, wake zetu. Sheria ya Burundi huitambua ndoa iliyoandikishwa mbele ya Serikali. Mke aliyeolewa kwa nikahi ya msikitini pekee ni mke mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yetu, lakini mumewe akifa daftari halimjui. Huyo mama, baada ya miaka 25 ya kujenga nyumba pamoja na mumewe, aweza kusimama mlangoni akiulizwa yeye ni nani. Nawaomba masheikh wanaofungisha ndoa wawahimize watu waandikishe ndoa hiyo serikalini. Na nawaomba waume waandike jina la mke katika cheti cha kiwanja walichokinunua pamoja.

Nne, wakfu na misikiti. Mara nyingi mzee mwema hutoa kipande cha ardhi pajengwe msikiti, madrasa, au pawe makaburi. Husema mbele ya Ijumaa, watu huitikia takbir, na shughuli huisha hapo. Ardhi hubaki katika jina lake. Akifa, hati ile, kama ipo, humtaja yeye. Na mrithi aliyezaliwa baadaye hana kosa akisema kwamba ni mali ya babu yake. Huko Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ofisi ya Serikali yenye kazi ya kutunza mali za namna hiyo. Sisi hatuna ofisi kama hiyo, kwa hiyo mzigo ni wetu. Kila ardhi ya msikiti na iandikwe katika jina la jumuiya inayotambuliwa na sheria, wala isiwe katika jina la imamu, mweka hazina, au mfadhili. Na mwenye kutoa wakfu aseme kwa maandishi ametoa nini, mipaka yake wapi, na kwa kazi gani. Thawabu yake haipungui kwa kutia sahihi.

Tano, wasiokuwapo. Ukiwa unakaa juu ya ardhi ya ndugu au jirani aliyekimbia, na kamati ikaja, useme. Usiseme yangu kwa sababu hakuna wa kukujibu. Pahala penye ugomvi na paandikwe kwamba pana ugomvi. Daftari linaloonyesha shaka kwa uaminifu ni bora kuliko lile lenye jina moja safi na dhuluma chini yake.

Sita, ziwa letu. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2012 imeweka mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika kuwa eneo la kuhifadhiwa. Mwaka wa 2024 maji yalipanda hata yakakaribia kile kiwango cha mwaka wa 1964 ambacho wazee hukisimulia, nyumba za kandokando zikaingiliwa, na mawe ya mipaka yakapotea majini. Watu hununua viwanja karibu na maji kwa karatasi ya mkono, kwa sababu ni vya bei nafuu au vyapendeza macho, wasiulize habari hii. Daftari jema halimtaji mwenyewe tu, lataja pia yasiyoruhusiwa juu ya ardhi yake. Mpaka litakapokamilika, ulizeni katika komini kabla ya kutoa fedha, wala msimwulize muuzaji peke yake.

Baadhi ya wazee husema: sisi twajuana, karatasi ya nini? Jibu langu ni kwamba neno hilo lilikuwa kweli, nalo linakwisha ukweli wake kila mwaka mbele ya macho yetu. Wengine husema: tukiandikwa, kodi itatufuata. Kodi yaweza kutufuata, na ada ya kuandikisha ni nzito kwa mtu maskini. Haya si maneno ya kupuuzwa. Ndiyo maana yafaa Jumuiya iwaombe wenye mamlaka, kwa heshima na bila kuchoka, mambo matatu: ada iwe ile ambayo mkulima na mvuvi wa Ruziba aiweza; tangazo la kila ombi lisomwe kwa lugha ambayo watu wote waielewa, mahali wanapokusanyika, hata wajane wasikie; na kubadilisha jina baada ya mirathi kuwe rahisi, ili daftari lisizeeke. Kukimbia daftari hakutamzuia mwenzako kuandikwa mahali pako.

Mwisho, nina shauri moja kwa halmashauri. Jumuiya na iwe na kitabu chake, na sanduku lake la chuma, ambamo kila nyumba ipendayo itaweka nakala ya hati yake, mgawanyo wa mirathi yake, na wosia wake, pamoja na majina ya mashahidi wangali hai. Kitabu hicho hakitakuwa mahakama, wala hakitashindana na daftari la Serikali. Kitakuwa ushahidi ulio tayari siku kamati itakapofika mlangoni. Wachaguliwe watu wawili waaminifu, mmoja awe mwanamke, ili akina mama wasione haya kuja. Gharama yake ni kitabu, sanduku, na saa mbili za kila Jumapili.

Nimemaliza, Bwana Mwenyekiti. Ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu, na sisi tumepewa kuitumia kwa muda. Lakini katika muda huo tumeamrishwa uadilifu, na mwenye deni la ardhi hulibeba hata akiwa kaburini. Naomba kila mmoja wetu akirudi nyumbani afungue sanduku lake usiku huu, asome karatasi iliyomo, na ajiulize maswali matatu: jina lililomo ni la aliye hai? Wote wenye haki wamo? Jirani wa mpakani angetia sahihi? Akiona jibu moja si ndiyo, asingoje mkutano wa mwakani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.